Kwa nini kila habari ya anga lazima iwe na "mtaalamu ambaye hakuhusika", halafu hasemi kitu?

#1 Mchungulia Anga

Wakuu, salaam.

Mwaka mzima sasa nimekuwa nikitunza habari za anga ninazokutana nazo. Si kazi yangu, ni ugonjwa tu. Nikizipanga pamoja naona zote zimeshonwa na fundi mmoja. Aya ya kwanza: wanasayansi wamegundua. Aya ya tatu: aliyegundua ana furaha isiyo kifani. Halafu karibu na mwisho anaibuka mtu mpya, "ambaye hakuhusika katika utafiti huo", naye anasema moja kati ya mambo matatu: inasisimua, tunahitaji data zaidi, hatuwezi kuondoa uwezekano.

Dai langu, mnipinge: huyo mtu ni pambo. Amewekwa pale ili habari ionekane imepimwa. Halafu watu wanawalaumu waandishi kwa kutia chumvi, wakati chumvi inatoka kwa wanasayansi wenyewe. Aprili 2025 tuliletewa K2-18b, sayari iliyo umbali wa miaka ya nuru 124, tukaambiwa ina dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa na viumbe hai. Nani alianza kusema? Si mwandishi. Ni timu ya Cambridge yenyewe.

Leteni hoja.

#2 Kigoda

Nimeshaketi. Wajuzi waje.

#3 Kalamu Baridi

Nimeandika habari za sayansi miaka tisa, kwa hiyo najibu kama mtuhumiwa.

Mleta mada, hujui saa tunazofanyia kazi. Majarida makubwa hututumia makala siku kadhaa kabla, pamoja na zuio: usichapishe kabla ya saa fulani. Nature ni Jumatano saa kumi jioni kwa saa za London. Science ni Alhamisi saa nane mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani. Ndani ya siku hizo natakiwa nimpate mtu anayeijua mada, asiye rafiki wala hasimu wa waandishi wa makala, anayejibu barua pepe leo, na anayeweza kuongea akaeleweka. Sifa mbili za kwanza zenyewe zinagombana. Fani ni ndogo. Kila anayejua kusoma mwanga wa sayari za mbali ama amewahi kufanya kazi na hao waandishi, ama anagombania nao muda wa darubini.

Kwa hiyo "hatuwezi kuondoa uwezekano" ni sauti ya mtu aliyeisoma makala nzito akiwa kwenye korido kati ya kipindi na kipindi. Si pambo. Ni mtu mwenye haraka aliyekataa kudanganya.

Na hapo ni pale makala inapokuja mapema. Ikija kwa mkutano wa ghafla na wanahabari, hata hizo siku hazipo.

#4 Shoka Butu

Yote sawa, lakini anayeandika DUNIA HATARINI kwa herufi kubwa ni nani? Mwanasayansi?

#5 Kalamu Baridi

Mhariri wa zamu. Mwandishi haandiki kichwa cha habari yake. Nimeamka mara nyingi nikakuta kichwa nisichokijua juu ya jina langu.

#6 Shoka Butu

Mwandishi anamsukumia mhariri, mhariri atamsukumia msomaji anayebofya. Mwisho tutaambiwa kosa ni la K2-18b kwa kuwepo.

#7 Vumbi la Nyota

Mimi niko upande wa pili wa simu. Natafiti nyota zinazobadilika mwangaza. Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 mtu aliona tofauti kwa macho matupu. Simu hazikukoma. Swali lilikuwa moja: inalipuka lini?

Nikaongea na mwandishi mmoja dakika arobaini. Nikamweleza kwamba nyota hii ina mizunguko ya kufifia na kung'aa, mmojawapo wa siku 400 hivi. Kwamba kufifia si dalili ya kulipuka. Kwamba huenda ni vumbi au uso wa nyota umepoa. Akaniuliza tena, basi lini? Nikachoka, nikasema: "Itakuja kulipuka, ila kwa nyota kama hii, kesho ni miaka laki moja."

Kesho yake (ile ya kawaida) nikasoma: "Inaweza kulipuka kesho, asema mtafiti."

Mwaka 2021 picha za darubini ya VLT kule Chile zilionyesha ni vumbi lililotoka kwenye nyota yenyewe. Hakuna aliyenipigia siku hiyo.

#8 Kigoda

Karibu jukwaani, Bwana Kesho.

#9 Mtoto wa Mshtarii

Mfano mzuri zaidi ni ile asteroidi 2024 YR4. Iligunduliwa Desemba 2024, mara ikasemwa inaweza kutugonga 2032. Uwezekano 1%, mara 2%, mara 3.2%. Kila siku mtaalamu anatokea anasema "msiwe na wasiwasi, namba itashuka". Namba inapanda! Mara ghafla sifuri. Hapo nikajua wanabahatisha.

#10 Hesabu za Usiku

Marekebisho kwa #9. Kilele cha NASA kilikuwa 3.1%, tarehe 18 Februari 2025. Na siku hizohizo shirika la anga la Ulaya, ESA, lilikuwa na 2.8%. Ofisi mbili, hesabu mbili, jiwe moja. Kisha angalieni ni namba ipi ilipata vichwa vya habari vingi.

#11 Mtoto wa Mshtarii

Asante kwa marekebisho. Lakini hujajibu: kwa nini ilipanda kama ilikuwa inaenda sifuri?

#12 Hesabu za Usiku

Chora mstari mrefu. Huo ndio urefu wa mahali ambapo jiwe linaweza kupita tarehe 22 Desemba 2032, kwa sababu umelitazama siku chache tu na njia yake hujaijua vizuri. Weka nukta ndani ya mstari. Hiyo ndiyo Dunia. Uwezekano wa kugongwa ni sehemu ya mstari inayofunikwa na nukta.

Sasa ongeza siku za kutazama. Mstari unafupika. Nukta haijabadilika ukubwa, lakini sasa inafunika sehemu kubwa zaidi ya mstari, kwa hiyo namba inapanda. Endelea kufupisha. Siku ncha ya mstari itakapoipita nukta ikaiacha nje, namba inadondoka kama jiwe kisimani. Ndicho kilichotokea: ndani ya wiki moja hivi kutoka 3.1% hadi sehemu ndogo sana ya asilimia.

Waliosema "itapanda kabla ya kushuka" hawakubahatisha. Asteroidi nyingine, Apophis, nayo ilifika 2.7% Desemba 2004, kisha ikashuka kwa njia hiyohiyo.

#13 Mtoto wa Mshtarii

Aisee. Mbona hakuna gazeti lililoniambia hivi?

#14 Kalamu Baridi

Lilikuambia. Iko aya ya kumi na nne. Hukufika.

#15 Mzee wa Darubini

Vijana, mmeanzia katikati. Machi 1998 kulikuwa na 1997 XF11. Brian Marsden, aliyekuwa akisimamia ofisi ya kimataifa ya kutangaza ugunduzi wa anga, alitoa taarifa kwamba asteroidi hiyo itapita karibu mno Oktoba 2028, kilomita 46,000 hivi. Magazeti ya dunia yakawaka. Siku iliyofuata zikapatikana picha za zamani za 1990 ambazo jiwe lilikuwa limeingia bila mtu kujua. Hesabu zikafanywa upya: karibu kilomita 960,000. Kwaheri mwisho wa dunia.

Wenzake walimlaumu sana kwa kutosubiri. Mimi nilimtetea wakati ule na bado namtetea. Alisema wazi anachokijua siku aliyokijua, na zile picha zilitafutwa kwa sababu alisema. Angekaa kimya angeitwa mficha siri. Mwaka mmoja baadaye, 1999, kikapitishwa kipimo cha Torino cha hatari ya jiwe kuigonga Dunia, 0 hadi 10, ili wanahabari wapewe namba moja iliyotulia.

#16 Shoka Butu

Namba iliyotulia? YR4 ilipewa 3 kwenye kipimo cha 10 na watu waliisoma kama tatu bila.

#17 Ofisi ya Nyuma

Nyote mnapigana na kivuli. Mwandishi hatii chumvi, mtafiti hatii chumvi. Chumvi iko katikati, kwenye taarifa kwa vyombo vya habari inayoandikwa na ofisi ya uhusiano ya chuo. Desemba 2014 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliopitia taarifa 462 za vyuo vikuu 20 vya Uingereza. Asilimia 40 zilikuwa na ushauri uliokuzwa kuliko makala yenyewe. Na pale taarifa ilipokuza, asilimia 58 ya habari nazo zilikuza. Pale taarifa ilipotulia, ni asilimia 17 tu.

#18 Hesabu za Usiku

Utafiti huo naujua, lakini ulikuwa wa habari za afya. Ushauri wa kula nini na kuacha nini. Huwezi kuuhamishia kwenye mashimo meusi bila kupima. Hakuna anayebadilisha mlo kwa sababu ya shimo jeusi.

#19 Ofisi ya Nyuma

Nakubali, ni wa afya. Basi niache takwimu niseme ninachokijua kwa mikono yangu. Niliandika taarifa hizo kwa miaka sita, na ile nukuu ya "Tumefurahi sana kupata matokeo haya ya kipekee" niliandika mimi. Mtafiti aliipitia, akabadilisha neno moja, akasema sawa. Mara nyingine hakubadilisha hata hilo neno. Ukiona wanasayansi wa mabara matatu wote "wamefurahi sana", ujue ni watu kama mimi tumefurahi kwa niaba yao.

#20 Mchungulia Anga

#19 umenifanya nicheke peke yangu kama mwehu. Ila hiyo inaniunga mkono au inanipinga?

#21 Ofisi ya Nyuma

Sijui. Aliyeidhinisha ni mtafiti.

#22 Kochi la Profesa

Naona mnaponda K2-18b bila kuisoma. Timu ilisema wazi: sigma tatu. Yaani uhakika wa 99.7% kuna uhai. Sasa 99.7 mnataka nini tena?

#23 Vumbi la Nyota

Naombeni mtu mwingine ajibu hili, mimi nikijibu nitanukuliwa.

#24 Hesabu za Usiku

Nitajibu mimi. Kochi, hapo umeruka ngazi tatu kwa mguu mmoja, na si wewe peke yako.

Chukua mbwa wa kulinda nyumba. Umempima: usiku usio na mwizi, hubweka bure mara tatu katika usiku elfu. Leo amebweka. Je, uhakika kwamba kuna mwizi ni 99.7%? Hapana. Inategemea wezi ni wengi kiasi gani mtaani. Kama mtaa haujawahi kuona mwizi, huenda leo ni mojawapo ya zile tatu. Sigma tatu inasema hivyo tu: kama gesi haipo, kelele za vipimo zingeleta alama yenye nguvu kama hii mara tatu hivi katika elfu. Haisemi gesi ipo kwa 99.7%.

Hiyo ngazi ya kwanza. Ya pili: je, ni gesi hiyo, dimethili salfaidi, au ni molekuli nyingine inayofanana nayo kwenye mwanga? Timu yenyewe ilisema inaweza kuwa hiyo au ndugu yake wa karibu. Ya tatu: je, gesi hiyo lazima itoke kwa viumbe? Imeonekana kwenye data za nyota yenye mkia 67P, ambako hakuna plankton anayejulikana, yaani vile viumbe vidogo vya baharini vinavyoitoa hapa duniani.

Na hii ndiyo sehemu inayomgusa mleta mada: timu hiyohiyo ilisema inahitaji sigma tano kabla ya kuita ugunduzi. Waliandika. Kwa hiyo chumvi yao ilikuja na maji pembeni. Aliyemwaga maji ni mwingine.

#25 Kochi la Profesa

Mbwa nimemwelewa. Nimeondoa kauli.

#26 Shoka Butu

Andikeni tarehe. Mtu kaondoa kauli mtandaoni.

#27 Tafsiri Chapuchapu

Mimi kazi yangu ni kugeuza habari za mashirika ya nje ziwe Kiswahili kabla chai haijapoa. Hamjagusa lugha kabisa, na humo ndimo maoni ya mtaalamu hufia.

Mtaalamu anasema kuna dalili. Ikifika kwangu nikiwa nimechoka inakuwa ushahidi. Mhariri anaifanya uthibitisho. Maneno matatu, umbali wa miaka ya nuru kati yake. Au uhai na maisha: "Wagundua maisha kwenye sayari ya mbali", utadhani wamekuta watu wanalipa kodi. Au nadharia. Mwanasayansi akisema nadharia anamaanisha maelezo yaliyopimwa yakasimama. Msomaji wetu anasikia maneno matupu, kinyume cha vitendo. Kwa hiyo ukiandika "kwa mujibu wa nadharia ya Einstein" nusu ya wasomaji wameshakata tamaa.

Na kimondo! Jiwe linalozunguka Jua, kimondo. Mwanga unaokata anga usiku, kimondo. Jiwe lililokwisha kuanguka shambani, kimondo. Mtaalamu akisema la kwanza halina hatari na la tatu limepatikana jana, sisi tunamfanya ajipinge mwenyewe ndani ya aya moja.

Halafu ile "huenda". Kichwa cha habari kikizidi herufi, wa kwanza kukatwa ni "huenda".

#28 Kigoda

Umesahau mnajimu.

#29 Tafsiri Chapuchapu

Sijasahau, nilikuwa naona aibu. Niliwahi kumtaja mtafiti wa galaksi kuwa "mnajimu mashuhuri". Mnajimu kwa watu wengi ni yule wa kupiga bao na kusoma nyota za mtu. Mtafiti alijua Kiswahili. Akaniandikia kistaarabu sana: "Asante kwa habari. Nitajie mwezi uliozaliwa nikuangalizie." Tangu siku hiyo naandika mwanaastronomia hata kama linajaza mstari mzima.

#30 Mzee wa Darubini

Kamusi zinaruhusu unajimu kwa maana zote mbili, na kuna mwanafalaki pia, neno zuri la zamani. Mimi napenda mwanafalaki. Ila ukiliandika vijana wanauliza ni dini gani.

#31 Jicho Kavu

Mnaenda pembeni. Tatizo ninaloliona mimi ni sura zilezile. Chumba cha habari kina daftari la namba tano. Anayeokota simu haraka na kuongea vizuri ndiye mtaalamu wa kila kitu: leo shimo jeusi, kesho roketi, keshokutwa kupatwa kwa Mwezi. Angalieni 3I/ATLAS. Iligunduliwa 1 Julai 2025 na darubini ya ATLAS kule Chile, kitu cha tatu kujulikana kuingia kwenye mfumo wa Jua kutoka nje. Wachunguzi wengi walisema ni nyota yenye mkia. Nani alisikika zaidi? Avi Loeb wa Harvard, aliyesema tusifunge mlango kwamba ni chombo cha viumbe wengine. Mmoja dhidi ya mamia, lakini hewani ni nusu kwa nusu.

#32 Kalamu Baridi

Kuna kweli hapo. Ila mtu akiwa na hoja ya ajabu na cheo kikubwa, nikimwacha naambiwa nimeficha, nikimnukuu naambiwa nimempa jukwaa. Nifanye lipi?

#33 Jicho Kavu

Mnukuu, kisha sema wangapi hawakubaliani naye. Maneno manne tu.

#34 Mchungulia Anga

Namtetea Loeb kidogo, si kwa hoja yake bali kwa kuwepo kwake. Oktoba 2025 serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa kukosa bajeti. NASA walikuwa na picha za 3I/ATLAS zilizopigwa na chombo kinachozunguka Mirihi mwanzoni mwa Oktoba, lakini hawakuzitoa hadi 19 Novemba. Wiki zote hizo mtu akiuliza, aliyekuwa anajibu ni nani? Kimya kinapangishwa haraka sana.

#35 Vumbi la Nyota

Hii ya #34 inauma kwa sababu ni kweli. Wenzangu wengi hawapokei simu za waandishi baada ya kuchomwa mara moja. Mimi mwenyewe baada ya ile "kesho" nilikaa miaka miwili sipokei. Miaka hiyo miwili walimnukuu nani kuhusu nyota zangu? Mtu wa sayari.

#36 Mzee wa Darubini

Kuna njia nyingine na iliwahi kutumika. Tarehe 7 Agosti 1996 NASA walitangaza kwamba jiwe ALH84001, kutoka Mirihi, lililookotwa Antaktika mwaka 1984, huenda lina alama za uhai wa kale. Rais Clinton naye akasema neno siku hiyo. Lakini kwenye meza ileile ya tangazo walimkalisha William Schopf, mtaalamu wa visukuku vya viumbe vidogo, aeleze kwa nini hakubali. Mpinzani alikuwa ndani ya chumba, na kipaza sauti mbele yake. Hakuja kuchomekwa aya ya mwisho.

#37 Shoka Butu

Na bado vichwa vya habari vilisema "Uhai Mirihi". Kwa hiyo meza haikusaidia.

#38 Mzee wa Darubini

Vichwa, ndiyo. Lakini habari za ndani zilikuwa na Schopf.

#39 Jicho Kavu

Tofautisha na Desemba 2010, bakteria wa Mono Lake, ziwa la California, waliosemwa wanatumia aseniki, ambayo ni sumu, badala ya fosforasi ambayo viumbe wote huihitaji. NASA walitangulia na mwaliko wa kuwaambia wanahabari kuna jambo linalogusa utafutaji wa uhai nje ya Dunia. Mtandao ukalipuka kabla hata makala haijatoka. Mtaalamu wa vijidudu Rosie Redfield akaandika kwenye blogu yake makosa aliyoyaona, na jibu la NASA likawa kwamba mjadala wa kisayansi haufai kufanyiwa kwenye blogu na vyombo vya habari. Tangazo lenyewe lilifanyiwa wapi? Science waliifuta makala hiyo Julai 2025, waandishi wake wakipinga. Karibu miaka 15.

#40 Kochi la Profesa

Hivi na ile ya mawimbi ya mwanzo wa ulimwengu si ilikuwa hivyohivyo? Kuna video ya mtu anagongewa mlango analetewa habari.

#41 Hesabu za Usiku

Hiyo ni BICEP2, darubini ya Ncha ya Kusini, 17 Machi 2014. Video ilikuwa ya Stanford: Chao-Lin Kuo anagonga mlango wa Andrei Linde, mmoja wa waasisi wa wazo la mfumuko wa ghafla wa ulimwengu, anamwambia alama ya mawimbi hayo imeonekana. Shampeni ikafunguliwa. Video nzuri, sibishi, hata mimi nilipatwa na kitu kooni.

Kilichofuata ni vumbi la galaksi yetu wenyewe, ambalo huweza kuleta alama kama hiyohiyo. Ramani nzuri ya vumbi ilikuwa kwa timu ya satelaiti Planck na haijachapishwa. BICEP2 kwa sehemu walitumia slaidi ya mhadhara wa Planck kukadiria. Mwanzoni mwa 2015 timu zote mbili zikachambua pamoja, alama ikamezwa na vumbi.

Hapa ndipo dai la #1 linapata shida. Wataalamu wa nje waliotoa maoni siku ile hawakuwa pambo na hawakuwa wavivu. Wengi walisema kama itathibitishwa ni kubwa mno. Walikosa ramani. Hakuna mtu angeweza kusema zaidi kwa siku moja.

#42 Mchungulia Anga

Basi kama hawawezi kusema zaidi kwa siku moja, kwa nini waulizwe siku hiyo? Waulizwe baada ya miezi sita.

#43 Kalamu Baridi

Baada ya miezi sita mhariri ananiuliza, hii si tulishaiandika?

#44 Tafsiri Chapuchapu

Kuna watu London, Science Media Centre, tangu 2002 wanakusanya maoni ya wataalamu na kuwatumia waandishi wote kwa mpigo. Mimi huyapenda, yananiokoa. Lakini ndiyo sababu mleta mada anakutana na mtaalamu mmoja kwenye magazeti matano na sentensi ileile.

#45 Vumbi la Nyota

Siku hizi nina masharti yangu. Namwomba mwandishi anisomee nukuu yangu kabla ya kuchapa. Si habari nzima, nukuu tu.

#46 Kalamu Baridi

Na vyumba vingi vya habari vinakataa. Leo ni mtafiti mwema wa nyota, kesho mwanasiasa anataka asomewe nukuu, ataifuta yote. Kanuni haiwezi kuwa na ubaguzi.

#47 Vumbi la Nyota

Mwanasiasa hubadilisha alichosema. Mimi nataka kibaki nilichosema.

#48 Kalamu Baridi

Wote husema hivyo.

#49 Jicho Kavu

Kuna waliopendekeza ngazi za kutangaza uhai nje ya Dunia. Oktoba 2021, Jim Green wa NASA na wenzake, kwenye Nature, ngazi saba. Mwandishi angeandika "ngazi ya kwanza kati ya saba" tukatulia wote.

#50 Shoka Butu

Rejea #16. Tatu bila.

#51 Mtoto wa Mshtarii

Samahani natoka nje ya mada. Apophis imetajwa huko juu. Hiyo ya 2029 tutaiona kweli?

#52 Mzee wa Darubini

Tarehe 13 Aprili 2029. Itapita kama kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, chini ya zile satelaiti za matangazo ya televisheni. Ulaya, Afrika na magharibi mwa Asia itaonekana kwa macho matupu kama nukta inayotembea polepole. Mimi nimeshaweka kiti.

#53 Mtoto wa Mshtarii

Na haitagonga?

#54 Vumbi la Nyota

Haitagonga.

#55 Mchungulia Anga

Wakuu, mmeshuhudia? Neno moja! Bila inasisimua, bila data zaidi, bila hatuwezi kuondoa uwezekano! Kumbe inawezekana.

#56 Vumbi la Nyota

Kwa miaka 100 ijayo angalau. Kwa vipimo vya rada vya 2021.

#57 Mchungulia Anga

Nilijua mkia unakuja.

#58 Kigoda

Bwana Kesho hajawahi kutuangusha.